Kulala gesti ya familia Lushoto, tangu simu ya kwanza hadi kuondoka

Gesti ya familia huko Lushoto, mji wa milimani mkoani Tanga, mara nyingi ni nyumba ya ua. Vyumba vinne hadi vinane vimepangwa upande mmoja, wenye nyumba wanalala upande wa pili, jiko la kuni liko nyuma. Hakuna mapokezi ya usiku kucha wala mpishi wa zamu. Maji yakiwa ya moto, kuna mtu aliyechochea kuni. Kuku akifika mezani, kuna mtu aliyemkimbiza uani. Mgeni anayelijua hilo hulala vizuri kwa pesa ya kawaida. Asiyelijua hufika saa tatu usiku bila taarifa, akaagiza kuku, akadai maji ya moto, kisha akarudi Dar kusimulia kwamba huduma ni mbovu.

Maelezo haya yanafuata mpangilio wa safari yenyewe. Mengi yanafaa pia Soni, Mtae au mahali pengine popote pa milimani penye gesti za aina hii.

Piga simu, usitume ujumbe tu

Siku mbili kabla zinatosha kwa kawaida. Krismasi, mwaka mpya na sikukuu za Idi, piga wiki mbili kabla, kwa sababu wenyeji waliotawanyika mijini hurudi nyumbani na wakwe na marafiki zao, na vyumba vichache vilivyopo huisha.

Kwenye simu ulizia bei kwanza, tena kwa undani: ni bei ya chumba au ya kichwa? Gesti nyingine hutoza nyongeza mkiwa wawili kitanda kimoja. Chai ya asubuhi imo? Chumba ni self, au choo na bafu viko nje? Chumba chenye choo cha nje si kibaya, ila Julai saa kumi usiku kutembea hatua ishirini kwenda chooni ni habari nyingine.

Kuhusu maji ya moto, usiulize kama yapo. Jibu ni lilelile siku zote: yapo. Uliza yanapashwa na nini. Wakisema kuni, utaletewa ndoo kwa saa utakayotaja. Wakisema hita, unategemea umeme. Wakisema sola, jua kwamba baada ya siku nzima ya ukungu maji hayo yatakuwa vuguvugu tu, na Lushoto siku za namna hiyo si chache.

Maliza na mambo ambayo watu huona aibu kuyauliza. Mlango wa nje hufungwa saa ngapi? Nyumba nyingi hufunga saa nne usiku. Pombe inaruhusiwa? Familia nyingi za huku ni za Kiislamu na hawapendi chupa chumbani, hata kama hawatakwambia usoni. Mkiwa mume na mke, wanataka cheti cha ndoa? Baadhi wanataka kweli, na picha ya cheti kwenye simu huwa inawatosha. Kama unakwenda kikazi na unahitaji risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sema hapohapo. Gesti ndogo nyingi hazina mashine, na kugundua hivyo asubuhi ya kuondoka hakumsaidii mhasibu wako.

Wakiomba malipo ya awali, lipa ya usiku mmoja kwa simu. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea na uwaulize kama ndilo. Jina la mtoto wa nyumba ni kawaida. Jina wasilolijua, simamisha hapo.

Kupanda kutoka Mombo

Ukitoka Dar utapita Chalinze, Segera na Korogwe, kisha Mombo, ambako barabara ya Lushoto inachepuka kuiacha barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami, kupitia Soni. Kuna mabasi yanayokwenda Lushoto moja kwa moja. Ukipanda la Moshi au Arusha, shuka Mombo utafute gari dogo la abiria, Noah au Kosta.

Kilomita hizo 33 zinakupandisha karibu mita 1,000, kutoka joto la bondeni hadi mji ulio mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kona ni nyingi na nyembamba. Anayetapika garini akae mbele, aangalie barabara na si simu, na asijaze tumbo chipsi na mishikaki pale Mombo. Masikio yakiziba, meza mate au tafuna karanga. Sweta liwe kwenye mkoba wa mkononi. Likiwa kwenye begi lililofungwa juu ya gari halikusaidii ukifika Soni.

Panga kufika kabla ya saa kumi na mbili jioni. Masika, kati ya Machi na Mei, udongo huporomoka barabarani na gari huweza kukaa saa kadhaa likisubiri njia kusafishwa. Anzeni kupanda mchana, na mpigie mwenye gesti mkiwa Mombo. Simu hiyo moja ndiyo inayowasha kuni.

Kufika, salamu na daftari

Mama mwenye nyumba anaamkiwa shikamoo kabla ya kuulizwa bei au chumba. Asubuhi, ukimwambia mzee wa Kisambaa "onga maundo", atacheka na kukujibu kwa Kisambaa kirefu usichokielewa, na tangu hapo wewe si mgeni wa kupita tena.

Utapewa daftari la wageni. Linataka jina, unakotoka, unakokwenda, kazi, namba ya kitambulisho, na mengine bado yana safu ya kabila. Jaza kweli. Viongozi wa mtaa na polisi wanaweza kulipitia, na majina ya uongo humletea matatizo mwenye nyumba. Beba kitambulisho cha NIDA, leseni au pasi ya kusafiria.

Kabla ya kulipa salio, omba kuona chumba. Dakika tano zinatosha ukienda kwa mpango:

1. Keti katikati ya kitanda, kisha bonyeza godoro kwa ngumi. Ngumi ikigusa chaga, utaamka na mgongo.
2. Kunja shuka uguse blanketi kwa nyuma ya mkono. Ukisikia ubaridi wa majimaji, limenyonya unyevu. Omba jingine, au lianikwe juani kama jua bado lipo.
3. Hesabu mablanketi. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku hushuka karibu na nyuzi 10 au chini yake, na blanketi moja jembamba halitoshi. Mawili mazito ndiyo kiasi. Omba la tatu sasa hivi, si saa sita usiku wakati mama amelala.
4. Funga dirisha kabisa. Pengo la kidole kimoja huingiza upepo usiku kucha. Gazeti lililokunjwa linatosha kuliziba.
5. Fungua bomba na uvute maji ya choo. Kama maji hayatoki, uliza ndoo ya akiba inajazwa saa ngapi.
6. Jaribu ufunguo ukiwa ndani na ukiwa nje. Kitasa kikilegea, tumia kufuli yako ndogo kwenye komeo.
7. Chomeka chaja. Soketi ikilia au ikitoa cheche, iache na uonyeshe kasoro hiyo mara moja ili isije ikaitwa yako.

Kisha lipa na usubiri risiti, hata ya mkono.

Maji ya kuoga

Hapa ndipo wageni wengi hukwama.

Maji ya ndoo kwanza. Agiza saa moja kabla, ukitaja saa yenyewe: "Mama, naomba maji saa kumi na mbili na nusu." Utaletewa sufuria au ndoo ya maji yaliyochemka na ndoo ya baridi. Anza na ya baridi kwenye ndoo ya kuogea, ndipo umimine ya moto, kwa sababu ndoo nyepesi ya plastiki ikipokea maji ya moto matupu hulegea na mpini huweza kung'oka mkononi. Kipimo ni kopo moja la moto kwa mawili ya baridi. Kwa maji ya bomba la milimani, lita 5 za moto na lita 10 za baridi hutoa joto zuri la kuogea, na lita 15 zinamtosha mtu mzima hata akiosha nywele. Weka kopo mbili za moto pembeni za kumalizia, maana ndoo hupoa upesi kwenye bafu la simenti. Vaa kandambili zenye meno chini. Simenti iliyosuguliwa ikipata sabuni huteleza kama kambale.

Hita ya umeme ya shawa ina tabia zake. Fungua maji kwanza, yakishatoka vizuri washa swichi kubwa ya ukutani, kisha rekebisha bomba. Maji yakipita haraka hayapati moto. Yakipita polepole mno, hita hujikata na utapigwa na baridi ghafla. Tafuta mtiririko wa katikati na uache kugusagusa. Kati ya saa moja na saa tatu usiku, kila nyumba inapopika na kuwasha taa, nguvu ya umeme hushuka na maji huwa vuguvugu hata hita ikiwa nzima. Oga kabla ya hapo au asubuhi. Ukisikia mwasho wa shoti kwenye bomba au kwenye maji, toka, zima swichi kwa mkono mkavu, na usiiguse tena hadi fundi aione. Hiyo ni hita isiyo na waya wa ardhi, na haina mjadala.

Ukishangaa kwa nini mwenye nyumba anakuja kuzima swichi ukishatoka, piga hesabu. Hita ya kilowati 5 hula yuniti moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, kila dakika 12. Wageni wanne wakioga kwa nusu saa kila mmoja, yuniti 10 zimekwenda jioni moja. Dakika tano kila mtu ni ustaarabu.

Usiku

Ukiwa na mablanketi matatu, tandika moja chini ya shuka na ujifunike mawili.  Soksi kavu, kofia ya sufu, na tishati safi ya kulalia isiyo na jasho la safari. Chupa ya maji ya moto miguuni inasaidia sana, lakini chupa nyepesi ya plastiki ikitiwa maji yanayochemka hujikunja na kuvuja kitandani. Changanya na ya baridi hadi uweze kuishika, funga kizibo sawasawa, izungushie taulo.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani kwa hali yoyote. Baridi ikizidi kuna atakayekuletea kwa roho nzuri kabisa, na kuna atakayesema mkaa ukishakuwa mwekundu hauna madhara. Si kweli. Mkaa mwekundu usio na moshi hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba ulichokwisha kuziba kwa gazeti hewa hiyo hujaa huku umelala. Kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito ndizo dalili, na aliyelala hazisikii. Ota moto jikoni pamoja na wenyeji, ndipo uende kulala.

Neti ikiwepo, ishushe. Mbu ni wachache kuliko pwani, ila wachache si sifuri. Weka tochi karibu na mto. Umeme hukatika hasa mvua za upepo. Jaza chaji ya simu jioni, usisubiri usiku. Na ulale mapema, kwani adhana, majogoo na honi za mabasi ya alfajiri vitakuamsha utake usitake.

Chakula

Hakuna menyu, au ipo ukutani na nusu ya vilivyoandikwa havipo. Uliza, "Leo mnapika nini?" Kula walichopanga kupika ndiyo njia ya kupata chakula kizuri, cha moto na cha bei nafuu: wali au ugali, maharage, mboga za majani zilizochumwa nyuma ya nyumba, viazi, pengine bada, ule ugali wa unga wa muhogo.

Ukitaka kitu chako, hesabu muda. Kuku wa kienyeji ni saa mbili na nusu hadi tatu tangu anapokamatwa: kuchinjwa, kunyonyolewa, kuchemshwa hadi alainike, kisha kuungwa au kukaangwa. Wa chakula cha jioni aagizwe kabla ya saa saba mchana, bei ikitajwa kabla hajashikwa. Ulizia pia kama ni kuku mzima au nusu. Mzima ni wa watu wanne, na mara nyingi mgeni mmoja hujikuta amemlipia peke yake. Maharage makavu nayo huchelewa zaidi ya ulivyozoea Dar. Kwa mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo chungu kinatokota lakini maharage bado magumu. Mpishi hana kosa. Mwambie asubuhi ayaloweke.

Chai ya asubuhi huwa ni chai ya maziwa au ya rangi yenye tangawizi, na chapati, maandazi, mayai au viazi vya kuchemsha. Ukiondoka saa kumi na moja alfajiri hakuna atakayekuwa amepika. Omba jioni wakuwekee chai kwenye chupa na chapati mbili.

Maji ya kunywa yawe yaliyochemshwa. Kijito cha mlimani kinang'aa, lakini juu yake kuna mashamba ya nyanya na kabichi yanayopuliziwa dawa, na dawa haionekani kwa macho wala haitoki kwa kuchemsha. Ulizia maji yao ya kunywa yanatoka chanzo gani. Kama hawana hakika, nunua ya chupa.

Kuishi uani mwa watu

Kaptura na kanga moja ya kuogea ni za chumbani. Ukivuka ua, jistiri. Viatu vya matope vinabaki barazani, na udongo mwekundu wa huku ukikaukia kwenye shuka nyeupe hautoki. Pedi, nepi na karatasi ngumu zisitupwe chooni; shimo la nyumba ya familia ni dogo, na kuzibua ni kazi ya mtu.

Kufua ni mtego. Nguo iliyofuliwa jioni haitakauka kesho yake ukungu ukiwepo, na jinzi inaweza kuchukua siku mbili hadi tatu. Fua asubuhi kabla ya saa tatu, nguo nyepesi tu, na uziingize ndani saa kumi jioni kabla umande haujaanza.

Watoto wa nyumba watakuja kuchungulia. Usiwape pesa, kama unataka kuleta kitu, mletee mama nazi au dagaa kutoka pwani. Hapo utaona bakuli la mboga linavyoongezeka.

Ukitoka matembezi

Irente, kwenye ukingo unaotazama Mazinde na mashamba ya mkonge bondeni, ni kilomita tano hadi sita kutoka mjini, na kwa miguu ni saa moja na nusu ya mwendo wa kawaida. Nenda alfajiri au baada ya saa tisa. Katikati ya asubuhi ukungu huweza kufunga na ukaona mawingu tu. Msitu wa Magamba uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwa hiyo lipia kibali ofisini kwao na uchukue mwongozaji. Siku za soko kubwa mjini ni Alhamisi na Jumapili. Mwambie mwenye nyumba unakokwenda na saa ya kurudi: mlinzi wako wa kwanza ni yeye.

Kuondoka

Chumba hukabidhiwa saa nne asubuhi. Lakini mabasi ya kutoka vijiji vya juu kama Mtae hushuka alfajiri sana na kupanda tena mchana, na ya Dar huondoka asubuhi mapema. Tiketi ikatwe jioni iliyotangulia. Lipa vyote usiku huo, pamoja na soda, maji na kuku, na umwombe mwenye nyumba mwenyewe akuitie bodaboda anayemfahamu. Mkubaliane bei na saa, uchukue namba yake. Saa kumi usiku barabarani hapiti mwingine.

Mboga na matunda ya kubeba yanunuliwe siku moja kabla, sokoni, wala si dirishani pale Mombo. Viazi na karoti vinahimili gunia. Plamu na mapichi yabebe kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa au kikapu kigumu, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019 na joto la bondeni huyapondaponda ndani ya saa chache. Chagua yaliyo magumu bado, panga kwa tabaka na gazeti katikati, na ndoo ikae miguuni mwako. Ikiingia kwenye buti pamoja na magunia ya viazi, utafika Dar na juisi.